Mtu wa Bima Alikuja Kabla Plasta Haijakauka

Watu wengi hapa Busia ya Uganda wanaamini kile kibandiko cha bima kwenye kioo cha gari ndicho kitakachowalipa wakigongwa. Ni kweli kinalipa, ila kinalipa kidogo sana. Kibandiko kile kinatokana na sheria ya bima ya lazima ya mwaka 1989, na kikomo nilichokikuta humo nilipoumia kilikuwa shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja. Operesheni ya mkono wangu peke yake ilikula milioni 3 na laki 8.

Naandika kwa sababu kati yetu tulioumia kwenye matatu ile, wapo waliochukua milioni hiyo, wakasaini, mambo yakaishia hapo. Wengine tulisubiri tukapata cha kujitibia. Hatukuwazidi akili wala elimu. Tulichowazidi ni kwamba tulipata namna ya kula miezi ile yote bila pesa ya bima.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Desemba 2021 nilikuwa njiani kwenda Kikuubo, Kampala, kununua vitambaa. Mafundi wenzangu wanaukumbuka mwezi ule. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa nusunusu, zikafungwa tena, na sasa serikali ilikuwa imesema tarehe 10 Januari 2022 watoto wote wanarudi darasani. Watoto walikuwa wamerefuka na sare za zamani haziwaingii tena. Nilikuwa na oda za shule mbili, na pesa ya kuanzia nimeshapokea. Tulipopita Idudi, kabla ya Iganga, lori la kampuni ya kusambaza bidhaa likaovateki kwenye mpando, likatugonga ubavuni likijaribu kurudi upande wake. Mbavu zangu mbili zilipata ufa, na kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika vibaya. Mkono wa kulia ndio ninaoshikia mkasi.

Kilichotuokoa baadaye ni kijana mmoja abiria, ambaye hata hakuumia sana. Kabla lori halijasogezwa alipiga picha namba zake za mbele na nyuma, jina la kampuni mlangoni, na kibandiko cha bima kwa karibu hadi maandishi yakasomeka: jina la kampuni ya bima, namba ya bima, tarehe ya kuisha. Akaomba namba zetu za simu akatutumia sote. Ukiwa na nguvu ya kuinua simu, fanya hivyo kabla ya jambo jingine lolote, au mwombe mtu akufanyie. Gari likishaondolewa barabarani, kumpata mwenye bima kunakuwa kazi ya wiki kadhaa.

Shemeji yangu alikwenda polisi kesho yake. Aliporudi alikuwa na namba ya faili ya ajali, jina la afande anayeshughulika nayo, na Fomu ya Polisi namba 3, ile PF3 ambayo daktari anajaza akieleza umeumia wapi na kwa kiasi gani. Fomu hiyo ijazwe mapema. Na daktari aandike kila sehemu inayouma, hata ile unayoiona ndogo. Mbavu zangu nusura ziachwe nje kwa sababu macho ya wote yalikuwa kwenye mkono. Baadaye utahitaji pia ripoti ya ajali yenye ramani ya mahali na maoni ya mkaguzi wa magari wa polisi. Ada ya ripoti ikidaiwa, dai upewe namba ya malipo ukalipie benki au kwa simu, usimpe mtu mkononi. Tena fuatilia kesi ya dereva mahakamani. Wa kwetu alikiri kosa akalipa faini, na nakala ya kumbukumbu hiyo yenye muhuri wa mahakama ilimaliza ubishi wote wa nani alikosea.

Mtu wa bima alifika wodini plasta yangu ya kwanza ikiwa bado mbichi. Kwa kazi yake anaitwa mkadiriaji hasara. Kampuni ya bima inampa kazi ya kuchunguza na kupendekeza kiasi cha kulipa. Alikuwa mtu mwenye adabu, kaja na soda na mkate. Akanisalimu: "Mama, hujambo? Unaendeleaje?" Nami nikajibu kama tulivyolelewa, "Sijambo mwanangu, namshukuru Mungu, naendelea vizuri." Miezi kadhaa baadaye wakili wangu aliletewa ripoti ya siku ile. Ilisema majeruhi mwenyewe alieleza kwamba hali yake ni nzuri.

Simlaumu, aliandika alichosikia. Lakini wewe unayesoma, ukishasalimiana naye sema wazi: mkono umevunjika, silali usiku, sijui kama nitarudi kazini. Maneno ya adabu yaishie kwenye salamu. Na asikurekodi kwa simu wakati umelewa dawa za maumivu. Mwambie utatoa maelezo yako kwa maandishi ukitoka hospitali.

Siku hiyohiyo alikuwa na karatasi za kusaini. Kitanda cha pili kutoka kwangu alilala mama mmoja muuza samaki, goti limevimba. Aliambiwa kuna milioni 1 ya haraka, akiitaka aweke sahihi tu. Ana watoto, samaki wake wameoza barabarani, mtaji wote umekwenda. Akasaini. Mimi ningekuwa yeye, sijui ningefanyaje. Baada ya miezi ikaonekana kano za goti zimekatika na anahitaji upasuaji. Aliporudi kwa watu wa bima akaonyeshwa karatasi yake: amepokea malipo kamili na ya mwisho, hatadai tena chochote kwa kampuni ya bima, kwa mwenye lori wala kwa dereva. Wakili alimwambia njia iliyobaki ni kwenda mahakamani kuipinga hati yenyewe, na hilo linataka pesa na miaka. Mpaka leo anatembea akichechemea.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililowaambia nyumbani ni kwamba sisaini kitu mpaka daktari aseme mkono umefika mwisho wa kupona. Mfupa ukishaunga ndipo unajua kama kiganja kitageuka, kama vidole vitakaza, kama chuma ulichowekewa kushika mfupa kitatolewa au kitabaki. Ukikubali kiasi kabla ya hapo unauza kitu ambacho hujakipima. Mkadiriaji anajua hivyo, maana ameona mikono mingi kuliko wewe.

Kusubiri kukawa ndiyo vita yenyewe. Januari ikafika, wenzangu sokoni wanashona usiku na mchana, mimi narudisha pesa za oda kwa walimu wakuu. Karo ya watoto wangu nayo ikaiva. Mume wangu alisema tuchukue hiyo milioni, na hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka kukopa. Kanisani nikaambiwa nimshukuru Mungu nimepona, mambo ya pesa niyaache. Niliona haya, naam, kana kwamba natafuta utajiri kwa damu yangu mwenyewe. Katekista wetu ndiye aliyenituliza. Alisema aliyeharibu mali ya mtu hurudisha, na mkono ni mali.

Tulivuka hivi: chama chetu cha akina mama kilinipa zamu yangu mapema, mwenzangu wa meza ya pili akachukua oda nilizoshindwa tukagawana faida, na shule ya watoto ikakubali karo kwa vipande nilipoipelekea barua ya daktari. Kaeni chini kama familia wiki ya kwanza kabisa mpange mtakula nini miezi sita. Hayo ni maandalizi ya kudai fidia kama ilivyo ripoti ya polisi, kwa sababu njaa ndiyo itakayokusainisha.

Sasa ile habari ya milioni 1. Mpwa wangu anasomea sheria, naye ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wengine hatukulifikiria: lori hili lina kibandiko tu, au kampuni imelikatia na bima kubwa? Magari mengi ya kampuni yana zote mbili. Kibandiko cha lazima kina kikomo chake cha kisheria, lakini bima kubwa huwa na kiwango cha juu zaidi kwa ajili ya watu wanaoumizwa na gari hilo. Na hata bima ikikomea mahali, kilichobaki kinaweza kudaiwa kwa mwenye lori, kwa kuwa dereva alikuwa kwenye kazi ya tajiri wake. Tuliandika barua kuuliza aina zote za bima zilizopo kwenye lori lile na viwango vyake. Jibu lilichelewa sana, na lilipokuja lilikubali kwamba bima kubwa ipo. Kuanzia hapo hakuna aliyetaja tena milioni 1 kama mwisho wa maneno. Barua hiyo mtu yeyote anaweza kuiandika mwenyewe, ni mistari michache.

Wakili nilimchukua baadaye, barua zilipoanza kuwa nzito. Tulikubaliana naye milioni 2 na nusu, sehemu kwanza na sehemu nikilipwa, na tukaandikiana. Jihadharini na mabroka wanaozunguka wodini na vituoni wakisema watakufuatilia wao uwape theluthi. Hawana leseni, na wengine wanamjua mtu wa bima kuliko wanavyokujua wewe. Asiye na uwezo aulizie msaada wa kisheria wa Chama cha Wanasheria cha Uganda, au FIDA, chama cha wanasheria wanawake, kwa akina mama.

Kazi iliyonichosha kuliko zote ilikuwa kuthibitisha kipato. Sisi wa sokoni hatuna hati ya mshahara. Mkadiriaji alichukua miezi ya 2021 kutoka kwenye taarifa ya pesa za simu yangu, akagawanya, akasema mapato yangu kwa mwezi ni kama laki 1 na nusu. Alichukua mwaka ambao shule zimefungwa kumpimia fundi wa sare! Hasira zilinipanda, lakini hasira haina namba. Nikapanda dari nikashusha vitabu vya risiti vya 2019. Vilikuwa na vumbi, na karatasi za nakala ya buluu zimeanza kufifia, lakini vilisomeka: jina la shule, idadi ya sare, bei, sahihi ya mwalimu. Nikaongeza barua za zile shule mbili zikieleza oda ya Januari 2022 na pesa nilizorudisha, risiti za ushuru wa soko, risiti za vitambaa, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kuthibitisha kazi yangu na mahali pa duka. Barua ya LC peke yake haitoshi, watu wa bima huiona kama barua ya jirani. Ikikaa juu ya rundo la risiti inapata uzito.

Gharama ndogo nazo zinataka ushahidi. Kliniki nzuri ya mifupa iko mbali na Busia, na bodaboda hatoi risiti. Nililipa nauli kwa simu kila ilipowezekana ili ibaki kwenye taarifa, na nyingine niliandika daftarini siku ileile, tarehe na nilikokwenda, zikalingana na tarehe za kadi ya hospitali. Binti wa dada yangu aliyekuja kupika na kufua nilimlipa, naye akasaini kila mwezi. Wakili alinieleza kwamba kisheria hasara ya aina hii inathibitishwa shilingi kwa shilingi, lakini fidia ya maumivu na ulemavu inakadiriwa. Kwa hiyo usilegeze ile ya kwanza ukitumaini kwamba ya pili itakufidia.

Mkono ulipofika mwisho wa kupona, daktari wa mifupa akaandika ripoti ya mwisho: kifundo hakikunji kama zamani, ulemavu wa kudumu asilimia 15, chuma kitolewe baadaye kwa gharama aliyoitaja. Mstari huo wa kutoa chuma ni muhimu sana. Usipokuwemo kwenye madai, operesheni ya pili utalipa wewe.

Ndipo tukapeleka barua ya madai: milioni 31. Matibabu milioni 5 na laki 6, kutoa chuma milioni 2 na nusu, kipato kilichopotea milioni 9, maumivu na ulemavu milioni 12, na iliyobaki msaidizi na usafiri. Walijibu milioni 7, jumla tu, bila maelezo. Nililia siku ile, nakiri. Wakili akasema tusibishane na jumla, tuwaombe wajibu kila kipengele. Tukakutana ofisini kwao Kampala. Nikamwambia mkadiriaji, "Baba, niambie ni kipi kati ya hivi hakikutokea." Akaanza na matibabu, hakupata la kuondoa. Kwenye kutoa chuma akasoma ripoti ya daktari, akaweka alama. Akajaribu kusema matatu nayo ilikuwa mwendo kasi. Nikamjibu kwamba mimi ni abiria, sishiki usukani, na dereva wa lori amekiri mahakamani.

Tulipofika kwenye ulemavu alisema asilimia 15 ni kidogo kwa mtu anayefanya kazi ameketi. Mezani pake palikuwa na mkasi. Nikauomba, nikachukua gazeti la jana nikaanza kulikata kama ninavyokata kola. Mkasi ulikwenda sawa kwa urefu wa kidole, kisha kwenye kona kifundo kikagoma, gazeti likachanika, na mkono ukaanza kutetemeka. Hakusema kitu. Aliinua kalamu akaandika kwa muda mrefu.

Siku ile walipanda hadi milioni 14. Baadaye kimya kikubwa, simu hazipokelewi, faili liko kwa bosi, bosi yuko safarini. Kimya hiki kina hatari ambayo wengi hawaijui. Kwa Uganda, kesi ya madai ya kuumia mwili kwa uzembe inatakiwa kufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali, na mazungumzo na bima hayasimamishi saa hiyo. Iandike tarehe yako ukutani. Tulipoona muda unaliwa, tulipeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, pale Kampala. Wana ofisi ya malalamiko, na haitozi pesa. Tuliambatanisha barua zote kwa mpangilio wa tarehe, kwa sababu kila tulichozungumza kwa simu tulikuwa tumekifuatisha kwa barua fupi: leo umeniambia hivi na hivi. Baada ya mamlaka kuwaandikia, simu zikaanza kupokelewa.

Tulimalizana kwa milioni 23. Matibabu na kutoa chuma walilipa vyote. Kipato walikata hadi milioni 6 na nusu kwa hoja kwamba mwenzangu alinigawia faida, na sikuona namna ya kukataa, ilikuwa kweli. Maumivu na ulemavu yalishuka hadi milioni 7 na laki 3. Wakili alisema mahakamani huenda tungepata zaidi, huenda pungufu, na ingechukua miaka. Niliona inatosha. Mwingine angeendelea, na asingekosea.

Hati ya kufunga madai iliandikwa kwa Kiingereza kizito. Niliomba nakala nikaenda nayo nyumbani, mpwa akanisomea kila mstari kwa Kiswahili. Tukakuta kiasi kimeandikwa sawa kwa tarakimu lakini kwa maneno kimekosewa, na jina langu la pili limekosa herufi. Tulirudisha irekebishwe kabla ya sahihi. Kwenye hati na kwenye benki, jina liwe vilevile lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi. Abiria mwenzetu mmoja alikaa na hundi isiyopokelewa kwa sababu ya herufi moja, na kampuni ilipoandika nyingine, karo ya muhula ilikuwa imeshapita. Uliza pia mapema italipwa lini baada ya sahihi, na tarehe hiyo iingie kwenye barua.

Pesa ilipoingia nilimlipa wakili, nikarudisha ya chama, nikamaliza deni la hospitali, nikaweka kando milioni 2 na nusu za chuma kwenye akaunti ambayo mume wangu na mimi lazima tusaini wote. Operesheni hiyo nimeshafanya. Kukata kitambaa sasa anakata binti niliyemwajiri, mimi nashona.